Mgodi Hubadilisha Wenyewe, Maganzo Hubaki Palepale

Ami yangu aliondoka Wete akiwa kijana, akafungua duka katika mji mmoja wa machimbo Kanda ya Ziwa, na karibu yote aliyoyajua kuhusu uchumi wa madini aliyapata katika daftari la wateja wake wa mkopo. Daftari likifutika kila mwisho wa mwezi, alijua kwamba ndani ya uzio mambo ni shwari. Likijaa majina hadi akalazimika kununua jipya, alijua kwamba kuna jambo, hata kama redio haijalitangaza. Mwenye mgodi alikuwa nani, hilo alilisoma kwenye milango ya magari yaliyopita barabarani, na mara nyingine alichelewa kulisoma. Nilipomuuliza kama mauzo ya mgodi yaliwahi kumtia wasiwasi, alinijibu kwamba jina la kwenye gari limebadilika, lakini dereva ni yule yule na deni lake ni lile lile.

Nimemkumbuka kwa sababu kila yanapozuka mazungumzo ya mafuta na gesi katika mabaraza yetu, Unguja na Pemba, swali linalotangulia ni moja: nani atakuja? Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliposaini mkataba wa kugawana uzalishaji na RAK Gas, kampuni ya Ras al Khaimah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mwezi Oktoba 2018, nimewasikia watu wanaomwamini Mwarabu kwa sababu ya ujirani wa bahari na dini, wengine wanaomtaka Mzungu kwa sababu ya ujuzi, na wengine, hasa wazee, wanaosema kwamba rasilimali ikiwa mikononi mwa Serikali peke yake hatutaibiwa. Wote wanajadili uraia wa mwenye mali. Mimi naona kwamba uraia wa mwenye mali ni jambo dogo kuliko tunavyodhani, na kwamba jambo kubwa hutokea siku mwenye mali mmoja anapomkabidhi mwingine, kwa kuwa siku hiyo ndiyo hubainika ni ahadi zipi zilizofungwa kwenye ardhi na zipi zilizokuwa zimeandikwa kwa jina la mtu.

Sijui pahala katika Jamhuri yetu panapofundisha jambo hili vizuri kuliko Mwadui, mkoani Shinyanga. Karibu kila aina ya mwenye mali imepita pale: mgeni mmoja aliyejitafutia, kampuni kubwa ya kigeni iliyoshirikiana na Serikali, Serikali yenyewe, kampuni ile ile ya kigeni iliporudi, kampuni ndogo zaidi iliyouza hisa zake London, na sasa kampuni ya nchini.

Mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Mwamba wenyewe ni wa kimbalaiti, aina ya mwamba unaobeba almasi, na mdomo wake juu ya ardhi una eneo la hekta 146, mmoja wa mikubwa zaidi duniani kati ya ile iliyowahi kuchimbwa kwa faida. Ndani ya uzio Williamson alijenga mji kamili: nyumba za wafanyakazi, hospitali, skuli, uwanja wa ndege na viwanja vya michezo. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Wasukuma waliokuwa na ardhi ile hawakuulizwa kuhusu zawadi hiyo, na sidhani kama kuna aliyefikiri kwamba walistahili kuulizwa.

Nje ya uzio ulikua mji wa pili, Maganzo. Huko ndiko kulikokuwa na magenge ya chakula, nyumba za kupanga, madalali wa mawe, mafundi baiskeli na maduka ya watu kama ami yangu. Mtu akitaka kujua hali ya uchumi wa Mwadui asianzie ofisi ya mgodi, kwa sababu ofisi ina vitabu vya kampuni, na kampuni huja na vitabu vyake na kuondoka navyo. Maganzo haina pa kwenda.

Williamson alifariki Januari 1958 bila mke wala mtoto. Ndugu zake walirithi, na mwaka huo huo mgodi ukauzwa kwa De Beers na Serikali ya Tanganyika, kila upande ukiwa na nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ikauchukua wote. Hapa wenzangu wa mrengo wa kutaifisha huruka haraka, na wale wa soko huria husimama kwa furaha, kwa sababu uzalishaji uliokuwa umefika kileleni katikati ya miaka ya 1960 uliporomoka, na mgodi ukafika miaka ya 1990 ukiwa na mitambo chakavu. Wanasema: mnaona, Serikali haiwezi biashara.

Hesabu hiyo ina kasoro. Almasi iliyo rahisi kuchukuliwa ilikuwa katika changarawe za juu, na hizo zilichimbwa kwanza. Kadiri mtu anavyoshuka katika kimbalaiti ya Mwadui anakuta karati chache tu katika kila tani 100 za mwamba, hivyo gharama ya karati moja hupanda hata kama msimamizi ni malaika. Mwenye mgodi wa kwanza alikula mnofu, na kila aliyemfuata alikabidhiwa mfupa mkubwa zaidi pamoja na wafanyakazi wale wale wa kulisha. Simwondolei lawama msimamizi wa Serikali ambaye hakununua vipuri kwa wakati. Nasema tu kwamba anayelinganisha mwenye mgodi mmoja na mwingine bila kuuliza kila mmoja alikuta nini shimoni, analinganisha wakulima wawili bila kuuliza nani alilima wakati wa mvua.

Mwaka 1994 De Beers walirudi wakiwa na asilimia 75, Serikali ikabaki na asilimia 25. Kisha ukaja uuzaji ambao, kwa maoni yangu, ndio unaopaswa kusomwa kwa makini na kila mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2008 De Beers walikubaliana na Petra Diamonds, kampuni iliyokuwa na hisa katika soko la London, na makabidhiano yakakamilika mwaka 2009. Bei ilikuwa dola za Marekani milioni 10. Kilichouzwa, kisheria, hakikuwa shimo la Mwadui wala mitambo yake. Iliuzwa Willcroft, kampuni iliyosajiliwa Bermuda, ambayo ndiyo iliyoshikilia zile asilimia 75. Kampuni ya Mwadui haikubadilika jina kwenye leseni. Aliyebadilika ni mwenye kampuni inayomiliki kampuni. Mkazi wa Maganzo angeweza kuamka asubuhi, akachota maji, akafungua kibanda chake, bila kujua kwamba usiku ule mgodi ulikwishavuka bahari mbili.

Ni kweli kwamba milioni 10 ilikuwa bei ndogo kwa sababu mnunuzi alibeba pia mzigo wa kufufua mgodi uliochoka. Hata hivyo hesabu nyingine yafaa kuwekwa mezani. Mwezi Desemba 2015 jiwe moja la waridi la Mwadui, la karati 23.16, liliuzwa kwa dola milioni 10.05. Mwaka 2021 jiwe jingine la karati 32.32 likauzwa kwa dola milioni 13.8. Jiwe moja linalotosha kwenye kiganja, kisha jingine, kila moja kwa bei inayozidi ile iliyolipwa kwa robo tatu ya mgodi mzima.

Sasa tuulize nini hubaki. Mrabaha wa almasi, yaani sehemu ya thamani ya mawe inayolipwa Serikalini, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, ni asilimia 6, na huenda Hazina. Ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri ya wilaya ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo mwaka 2021. Tukichukua lile jiwe la milioni 13.8 kama mfano wa karatasini, mrabaha wake ni dola 828,000, na ushuru wa huduma wa Halmashauri ya Kishapu, wilaya ambamo Mwadui imo, ni dola 41,400. Kati ya fedha hizo elfu 41, wilaya yenye vijiji vingi lazima igawie skuli, zahanati na barabara, na Maganzo nayo isubiri zamu yake kama wengine. Ndiyo maana nasema ukitaka kujua kama mji umeneemeka, usitazame bei ya jiwe. Tazama mishahara inayovuka lango jioni na manunuzi yanayofanywa nje ya uzio: nyama, mchele, mbao, usafiri, nguo za kazi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifuta daftari la ami, na hayo hayategemei uraia wa mwenye hisa bali utaratibu wa ununuzi. Mgodi unaoleta vyakula vyake kwa mkandarasi mmoja kutoka mbali huiacha Maganzo na vumbi tu, hata kama bendera inayopepea juu ya ofisi ni ya kijani, manjano, nyeusi na buluu.

Miaka ya Petra ilikuwa na misukosuko ambayo haikutoka upande mmoja. Septemba 2017 Serikali ilizuia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam shehena ya karati 71,654 kwa madai kwamba thamani yake ilikuwa imeshushwa. Aprili 2020 uchimbaji ulisimama kwa sababu ya korona na kuporomoka kwa soko la almasi, na haukuanza tena hadi mwaka uliofuata, huku kampuni mama yenyewe ikihangaika na madeni yake. Desemba 2021 yalifikiwa makubaliano yaliyopandisha hisa za Serikali hadi asilimia 37.

Lakini kuna mambo mawili ya kipindi hicho ambayo yananifanya nisite ninaposikia watu wakishangilia kuondoka kwa mgeni.

La kwanza ni la wabeshi, kama wanavyoitwa vijana wanaoingia ndani ya eneo la mgodi kutafuta mawe kwenye makapi. Baadhi yao walipigwa, wakapigwa risasi, wengine wakapoteza maisha mikononi mwa walinzi. Watu 71 walifungua madai katika Mahakama Kuu ya Uingereza, na Mei 2021 yakamalizwa kwa makubaliano ya pauni milioni 4.3, bila kampuni kukiri dhima ya kisheria, ingawa ilikubali kwamba watu waliumizwa na kufa. Wakulima na wachimbaji wa Kishapu walipata mlango wa mahakama ya London kwa sababu moja tu: mwenye kampuni alikuwa na kiti chake huko, na wanahisa wake waliogopa jina lao kuchafuka. Mwaka 2025 Petra iliuza sehemu yake iliyobaki kwa Pink Diamonds Investments, ya kundi la kampuni binafsi liitwalo Taifa Group la hapa nchini, kwa bei isiyozidi dola milioni 16. Watu wengi walifurahi kwamba almasi imerudi nyumbani, na furaha hiyo naielewa. Ila kwa yatakayotokea kuanzia sasa ule mlango wa London umefungwa, na mbeshi atakayeumizwa kesho atategemea mahakama zetu wenyewe, polisi wetu wenyewe na magazeti yetu wenyewe. Je, yatamtosha? Hilo ndilo swali la uzalendo ninalolipenda, kwa sababu halijibiki kwa wimbo.

La pili ni bwawa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la majitope la Mwadui, linalohifadhi tope linalobaki almasi ikishatolewa, ulipasuka, na tope la kijivu likafunika mashamba na nyumba katika vijiji vya Nyenze na Ng'wang'holo. Hakuna aliyekufa, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Fidia zikalipwa, watu wakahamishwa. Majitope hata hivyo hayana mwenye mali mmoja, kwa kuwa hulimbikizwa miaka na miaka, na kila anayenunua mgodi hununua pia mlima wa makapi ulioachwa na waliomtangulia. Kama hakuna hesabu iliyofungwa na kusainiwa siku ya makabidhiano, inayosema huyu ameacha hiki na yule amepokea hiki, basi siku ya ukuta kupasuka kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, na mwanakijiji atakuwa amesimama katikati akiwa na jembe lisilo na shamba.

Naweza kuongeza Kahama, kwa ufupi tu, kwani hadithi yake inajulikana zaidi. Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu, ilitoka kwa Sutton Resources kwenda Barrick mwaka 1999, ikawa chini ya African Barrick Gold, jina likageuzwa kuwa Acacia mwaka 2014, ukaja mgogoro wa makinikia, yaani mchanga wenye madini uliosafirishwa nje, mwaka 2017, kisha Barrick wakairudisha mikononi mwao mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikaanza Twiga Minerals, kampuni ya ubia ambamo Serikali ina asilimia 16. Katika mlolongo huo Buzwagi, mgodi mwingine wa dhahabu wa Kahama, ilifunguliwa mwaka 2009 na kufikia mwisho wa uhai wake mwaka 2021, miaka kumi na miwili tu, na eneo lake likatengwa kuwa la viwanda. Kahama imeponea kwa sababu ilikuwa mji wa mpunga, pamba na njia kuu ya kwenda Rwanda na Burundi kabla ya Buzwagi. Dhahabu ilipomalizika pale, malori hayakuacha kupita. Maganzo haina bahati hiyo ya barabara na soko kwa kiasi hicho.

Turudi kwetu. Wapo watakaosema kwamba Zanzibar haina mgodi, hivyo haya hayatuhusu. Wapite Mahonda kwanza. Kiwanda cha sukari pale kilijengwa na Serikali kwa msaada wa China miaka ya 1970, kikadorora, kikaja kukabidhiwa kwa wawekezaji binafsi, na watu wa vijiji vya jirani wanaweza kukueleza, bila kufungua kitabu, miaka ambayo miwa ililipa na miaka ambayo mashine zilinyamaza. Mji ule umeishi kwa pumzi ya kiwanda kimoja, kama Mwadui.

Na kuhusu mafuta, sisi si wageni wa kubadilishiwa wenye mali. BP na Shell walichimba visima vya utafiti Unguja na Pemba tangu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakaondoka. Mafuta yakaingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano mwaka 1968, na mvutano uliofuata ukavifungia vitalu vya baharini, yaani maeneo yaliyokatwa kwa ajili ya kutafuta mafuta, kwa miaka mingi. Kitalu cha Pemba na Zanzibar kilikuwa mikononi mwa Antrim ya Kanada kabla ya kufika kwa RAK Gas. Sheria ya Muungano ya mwaka 2015 ikaturuhusu kusimamia wenyewe, sheria yetu ya mwaka 2016 ikaweka mamlaka ya udhibiti na kampuni ya maendeleo ya mafuta. Kwa maneno mengine, Tundaua, ambako watu wa Pemba wamekuwa wakionyeshana mafuta yanayojitokeza ardhini, pameshuhudia kampuni zikija na kupokezana kabla hata ya pipa moja kuuzwa.

Mikataba ya aina hii kwa kawaida hutaka idhini ya waziri haki za kitalu zinapohamishwa moja kwa moja. Udhaifu uko pale pale palipoonekana Mwadui mwaka 2009: hakuna anayelazimika kuhamisha kitalu ikiwa anaweza kuuza kampuni inayokimiliki, huko mbali, kwa karatasi mbili. Upande wa kodi, sheria ya kodi ya mapato ilirekebishwa mwaka 2012 ili mabadiliko ya zaidi ya asilimia 50 katika umiliki wa juu, yaani wa kampuni inayomiliki kampuni, yahesabike, na kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, marekebisho hayo yanatuhusu nasi. Kodi lakini hulipwa Serikalini na huishia huko. Mvuvi wa Mkoani, ambaye dago lake liko karibu na eneo la uchimbaji, hajalindwa na kodi. Anachohitaji ni kwamba ahadi ya fidia ya nyavu, ya ajira ya kijana wake na ya kusafisha bahari kisima kikifungwa, iwe imeandikwa kwa jina la kitalu, na fedha za kufungia visima ziwe zimekwisha kuwekwa akiba tangu mwaka wa kwanza wa uzalishaji, mahali ambapo mwenye hisa hawezi kuzigusa anapoondoka. Kampuni yenye nia njema haitapata hasara kwa sharti hilo. Itakayolikataa imetueleza mapema jinsi itakavyoondoka.

Ningependa pia kila mabadiliko ya umiliki wa juu, ya Dubai, London au Dar es Salaam, yaletwe mbele ya Baraza la Wawakilishi yakiwa na kiambatisho cha hesabu ya makabidhiano, kwa Kiswahili, na nakala ifike kwa sheha. Najua wataalamu watasema kwamba sheha hana ujuzi wa kusoma mambo hayo. Ami yangu hakumaliza skuli, na aliweza kueleza hali ya mgodi wa dola milioni nyingi kwa daftari la kurasa 200; mtu akipewa hesabu inayohusu chakula chake huisoma.

Vitalu vinane vya baharini vilinadiwa mwaka 2024. Katika mikataba itakayotokana navyo ndimo kifungu hiki cha kuzifunga ahadi kwenye kitalu kinapaswa kuingia, kabla ya saini, kwa kuwa baada ya saini bei yake itapanda kila mwaka, na siku kisima cha kwanza kitakapotoa gesi haitakuwa tena katika uwezo wetu kuilipa.